Jangwani mwezi wa saba na Bimkubwa

Ukiwa Unguja mwezi wa saba hari unaisahau kabisa. Huku ni kipupwe, kusi linapiga, asubuhi watoto wanakwenda chuoni na masweta, Bimkubwa, mama yangu, anajifunika blanketi na feni ya chumbani kwake haijawashwa tangu masika imalizike. Katika hali hiyo ndio tunapanga safari ya Oman familia nzima, tena si Maskati peke yake, tunakwenda mpaka Sharqiya, mchangani khasa, kwenye miezi ambayo hata wenyeji wenyewe wanaukimbia mchanga. Kila ninayemwambia anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Nimeona niandike tulivyopanga na kwanini tumepanga hivyo, maana najua zipo familia nyingi Unguja na Pemba zenye jamaa kule na zinabanwa na likizo za skuli kama sisi.

Kwanza sababu. Bimkubwa ana dada yake, mie namwita Mama Mkubwa, yuko Ibra, mji wa huko Sharqiya, miaka na miaka, kaolewa huko kazaa huko kazika mume huko. Aliondoka hapa baada ya 1964 na tangu wakti huo wameonana mara tatu tu, lakini haipiti siku hawajazungumza, wanatumiana sauti za WhatsApp za dakika saba saba, nani kafa, nani kaoa, leo kapika nini. Sasa Mama Mkubwa kapita themanini na magoti hayamruhusu kupanda ndege tena. Mie nilimrikodia nikamwambia tutakuja Disemba inshallah, hali ya hewa nzuri, maana kila anayeijua Oman atakwambia msimu wa jangwa ni Novemba mpaka Februari, mchana unakaa nje, usiku unataka koti. Akanijibu, "Disemba mbali mwanangu." Basi, hakuongeza neno. Niliisikiliza ile sauti mara tatu halafu nikaenda kutafuta tiketi za mwezi wa saba.

Na kwanini tusiishie Ibra tukakaa ndani na eisi? Kwa sababu babu yangu, baba yao hawa wawili, alizaliwa Bidiya, na Bidiya iko ukingoni kabisa mwa ule mchanga, unatoka kwenye mitende unaingia kwenye tuta. Watu wengi wa Sharqiya walikuja huku enzi za majahazi, waliletwa na kaskazi, wengine wakarudi na kusi, wengine ndio sisi hapa. Bimkubwa kakua anahadithiwa na baba yake habari za falaji, mfereji wa maji wa kule, linalopita chini ya mitende na mchanga unaobadilika rangi jua likitua, mwekundu kama manjano iliyokutana na sabuni, hivyo ndivyo alivyokuwa akisema babu. Bimkubwa ana miaka 73 na hajawahi kukaa juu ya mchanga ule. Mara moja alifika, mwaka 2018, na ile mara moja nusra tumpoteze.

Nitaieleza vizuri kwa sababu mpango wetu wote wa safari hii umetokana na siku ile.

Tulikwenda mwezi wa sita baada ya Idi. Hatukujua kitu, tulichukulia hari ni hari, sisi watu wa Unguja jua tumelizoea, nani atatuambia nini kuhusu jua? Usiku wa kwanza Maskati nilifungua bomba nitie udhu, maji yakatoka ya moto ya kuchomea, nikajua nimefungua bomba silo, nikafungua la pili, la moto ndio lililotoa maji ya baridi. Mke wa binamu yangu akanieleza, kule kiangazi tangi liko juu ya bati linapigwa na jua kutwa, kwa hiyo wanazima hita, maji yaliyomo ndani ya hita yako ndani ya nyumba hayapigwi na jua, yanakuwa ndio ya baridi. Ningelikuwa na akili siku ile ningeuelewa ule ujumbe. Yani ni wiki hiyo hiyo, tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, mji wa pwani saa moja tu kutoka Maskati, ulivunja rekodi ya dunia, masaa 24 mazima hewa haikushuka chini ya nyuzi 42.6. Yani kiwango cha chini kabisa, cha usiku wa manane, kilikuwa ndio hicho. Unguja hatujawahi kufika huko hata mchana wa Februari.

Siku ya kwenda mchangani tulikodi gari na dereva, gari moja, tukatoka Ibra saa tisa mchana. Tulitakiwa kutoka saa kumi na moja lakini dereva alikuwa na wateja wengine baadae akatuwahisha, na sie tukakubali kwa kuona haya. Njiani eisi ikafa. Ndani ya gari tulikuwa watu saba na maji tuliyokuwa nayo ni katoni moja ya vichupa vidogo vidogo. Tulifika kambini kama saa kumi, jua liko juu bado, kwani kule mwezi wa sita na wa saba mchana ni mrefu kuliko wetu, jua linazama saa moja kasoro kidogo na linachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwanangu wa kwanza, wakti huo ana miaka sita, akaruka kutoka garini akavua ndara akakimbilia tuta kama anavyofanya Paje. Hatua nne. Nakumbuka nne kwa sababu niliziona alama zake baada ya kumbeba. Ule ukelele wake ninao masikioni mpaka leo. Mchanga wa jangwa saa ile unapita nyuzi 60, si mchanga wetu wa pwani mweupe ambao hata mchana wa jua kali unakanyagika. Nyayo zilipanda malengelenge, kakaa wiki mbili anabebwa.

Na sote tukamkimbilia mtoto. Bimkubwa akabaki amesimama kando ya gari, na buibui lake jeusi na viatu vya wazi, hakuna aliyemuangalia. Nilipogeuka nikamuona kakaa chini, anaangalia mbele tu. Namwita, "Mama." Kimya. Nikamshika mkono, mkono mkavu, mkavu kama karatasi, na wa moto. Hakuna jasho hata tone. Nikamuuliza unaumwa wapi akanijibu kwa jina la marehemu dada yangu.

Alhamdulillah mmoja katika vijana wa kambi alijua la kufanya, hakupoteza muda kutuuliza maswali. Walimtia kwenye banda la kivuli, wakamlaza, wakammiminia maji ya kawaida mwili mzima na nguo zake, wakawa wanampepea kwa mkeka, wakatukataza kumnywesha kwa nguvu kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Halafu wakamtoa kwa gari yao mpaka kituo cha afya cha karibu, huko akatiwa dripu. Alirudi kuwa yeye mnamo isha. Jua lilipotua juu ya ule mchanga wa babu, Bimkubwa alikuwa kitandani na mie nimekaa kwenye kiti cha plastiki naangalia dripu inavyodondoka.

Baada ya hapo nilitaka kujua kilichotokea, nikawasumbua madaktari wawili watatu niliowajua. Walichonieleza ndicho ninachotaka kila anayekwenda kule akielewe. Mwili unajipoza kwa jasho, lakini si kule kutoka kwa jasho kunakopoza, ni kukauka kwake juu ya ngozi. Huku kwetu hewa ina unyevu, jasho halikauki, unarowa shati linakuganda na unajua kuwa umetoka maji mengi, unajisikia fukuto, unatafuta kivuli mwenyewe. Jangwani hewa kavu, jasho linakauka papo hapo linapotoka, shati kavu, uso mkavu, unajiona hujatoka jasho na kumbe mwili umepoteza lita nzima na ushee. Yani ile alama tuliyoizoea tangu utoto kule haipo. Ndio maana watu wa pwani tunapatikana haraka. Kiu nayo inachelewa, na kwa mtu mzima inachelewa zaidi. Kichwa kikianza kugonga, misuli kukaza, kichefuchefu, hapo ushachelewa lakini bado unaokoleka kwa kivuli, maji na chumvichumvi (ORS). Mtu akianza kusema yasiyoeleweka, mwili wa moto, hiyo si ya kungoja, ni hospitali huku unammwagia maji njiani.

Na jengine, Bimkubwa alikuwa anakunywa dawa za presha, zile zinazokojoza. Hakuna aliyefikiria. Safari hii jambo la kwanza kabisa, kabla ya tiketi, kabla ya pasipoti, nilimpeleka kwa daktari wake nikamwambia tunakwenda mahali pa nyuzi 45, akazitazama dawa zote moja moja akampangia upya. Sitaandika alichompangia kwa sababu kila mtu na mwili wake, lakini kama una mzee wa presha, sukari au figo nenda na karatasi yake yote ya dawa. Wa sukari aulize pia habari za insulini, maana ile ikikaa kwenye gari ya moto inaharibika na kwa macho huoni tofauti.

Sasa mpango wenyewe. Mume wangu alianza kama wanavyoanza watu wengi, kafungua ramani kaandika tarehe na miji, siku ya kwanza hapa siku ya pili pale. Nikamwambia tuanze na saa kwanza, miji baadae. Tuandike saa ambazo Bimkubwa na mdogo wetu wa miaka minne wanaruhusiwa kuwa nje, kitakachoingia ndani ya saa hizo ndio safari yetu na kisichoingia kimeachwa. Tukapata hivi: kuanzia alfajiri mpaka saa mbili na nusu asubuhi, na kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka usiku. Baina ya hapo ni ndani. Kula, kulala, kusali, kuzungumza. Binamu yangu alivyosikia alifurahi sana, akasema ndivyo wanavyoishi wao wenyewe kiangazi, hata serikali yao inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Wajenzi wenye nguvu zao wanaingizwa kivulini, sie tulikuwa tunamtoa mama wa miaka sitini na kitu!

Ukishaziandika saa hizo mambo mengi yanajipanga yenyewe. Ndege tumechukua inayotua usiku. Nizwa tutaiona asubuhi moja tu, soko la mbuzi la Ijumaa linaanza mapema sana na watoto wa huku lazima walione, mbuzi wanazungushwa duarani na wanunuzi wamekaa wanaita bei, na ngome iko hapo hapo karibu, ule mnara wa duara uliojengwa karne ya 17 wakati wa Maimamu wa Yaarubi. Saa mbili na nusu tumo garini tunarudi. Ibra kuna soko la wanawake watupu siku ya Jumatano asubuhi, hilo Bimkubwa kalitolea amri, na mie sina pingamizi. Wadi Bani Khalid, yale mabwawa ya maji baina ya majabali, tumeiweka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kwa sharti kwamba binamu aangalie taarifa za hali ya hewa kabla, kwa sababu kiangazi mvua inaweza kunyesha milimani huko mbali nyie mpo bondeni jua linawaka, mafuriko yakashuka ghafla. Wadi si mto, ni njia ya maji, na maji yakirudi kwenye njia yake hayaulizi nani kaweka mkeka.

Mchangani ni usiku mmoja tu. Wengi wananishauri tukae siku mbili tatu ili "tufaidi", mie nimekataa. Ule mchanga una ukubwa wa kilomita za mraba kama 12,500, Unguja na Pemba zote zinaingia humo zikarudi tena zikaingia na nafasi ikabaki, na matuta yake mengine yanafika mita 100, hata ukikaa mwezi hutaumaliza. Sie tunataka magharibi moja na alfajiri moja. Kambi nyingi kule zinafungwa kiangazi kwa kukosa wageni, zilizobaki wazi zinapunguza bei, na mie sikuuliza bei kwanza, niliuliza kama vyumba ni vya ukuta na eisi au ni mahema, kama kuna jenereta ya akiba, na kituo cha afya kiko mwendo gani. Wawili waliona maswali yangu usumbufu, nikawaacha. Wa tatu akanijibu moja moja kwa utulivu akaniambia mama, mzee wako tutampa chumba cha karibu na banda la chakula asitembee sana. Huyo ndio tumempa pesa.

Tutatoka Ibra saa kumi na moja jioni, magari mawili. Hili la magari mawili sikubali mjadala, gari moja mchangani ikikwama au ikiharibika nyie mmekuwa abiria wa jua. Yote mawili fo-wili, na madereva ni binamu zangu waliozaliwa kule. Kabla ya kuingia mchangani wanasimama penye lami mwisho kupunguza upepo wa matairi, kutoka psi 35 hivi mpaka 15 au 18, tairi linakaa bapa linatandika juu ya mchanga badala ya kuchimba, na asubuhi likitoka linajazwa tena kabla ya kurudi barabarani. Maji tumepiga hesabu lita sita kwa kila mtu kwa siku hiyo moja, yagawiwe kwenye gari zote mbili, si yote kwenye gari moja halafu gari hiyo ikapotea na maji yake. Pakiti za chumvichumvi za kutosha, kila pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita moja, si kukisia kwa glasi kama wengi wanavyofanya. Kama huna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umepata.

Nguo nazo zina elimu yake. Binti yangu mkubwa (ndio yule wa malengelenge, sasa ananipita urefu) alitaka kubeba fulana za mikono mifupi. Nikamuonesha picha za wazee wa kule, kanzu ndefu pana, kilemba kimezunguka shingo, wanawake na mashela mapana, hakuna anayeacha ngozi wazi. Nguo pana ya pamba inaweka kivuli juu ya mwili na hewa inapita chini yake. Kwa Bimkubwa tumeshona mabuibui mawili mapana ya kitambaa chepesi rangi ya kijivu na nimetia kanga nne za pamba, zilizofuliwa mpaka zikalainika, kazi yake ni kurowekwa maji na kuwekwa shingoni na kichwani. Hewa kavu ile iliyomuangusha ndio itakayompoza, kanga ya maji kule inakuwa baridi kama imetoka kwenye friji. Ni hikma ya mtungi hiyo hiyo. Huku kwetu mtungi unapoza maji kidogo tu kwa sababu ya unyevu, kule wenyewe wana mtungi wao wanauita jahla, wanautundika penye upepo na maji yake yanatoka baridi ya kugonga meno. Mama Mkubwa anao mmoja barazani mpaka leo, wa udongo wa Bahla, na friji mbili ziko ndani.

Baada ya mchanga tunapanda Jabal Akhdar siku mbili. Hili nalitilia mkazo kwa yeyote anayekwenda na wazee kiangazi: baada ya jangwa mpe mwili mahali pa kupumua. Kule juu ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na hewa inakuwa chini ya ile ya bondeni kwa nyuzi 10 mpaka 15, jioni unakaa nje na chai. Makomamanga bado yatakuwa mabichi, yanaiva mwisho wa Agosti kwenda mbele, lakini kuiona miti yenyewe kwenye zile ngazi za mashamba inatosha. Polisi wanakaa chini Birkat al Mouz, gari isiyo fo-wili hawaipandishi. Binamu wanasema watambeba na Mama Mkubwa tuwe naye, magoti yake yatakuwa kitini tu.

Palipotugawa ni Salalah, mji wa kusini kabisa mwa Oman. Watoto wameona video za majabali ya kijani na ukungu na ngamia wamo majanini, wanataka. Mume wangu anataka tuende kwa gari tuione nchi. Nimewaambia wote wawili maneno yangu. Maskati mpaka Salalah ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa katikati ni tambarare tupu, mkono wa magharibi ndio inaanza Rub' al Khali, jangwa la kilomita za mraba kama 650,000. Mwezi wa saba, na watoto, kwa gari? Hapana. Tukienda, ndege. Lakini Salalah yenyewe sikuwa na nguvu ya kuikataa, kwa sababu nilipoanza kusoma habari zake niligundua kitu ambacho kimenikaa moyoni.

Hili kusi linalotupiga sisi hapa sasa hivi, linalovurumisha madirisha na kuwafanya wavuvi wa upande wa mashariki wasitoke, ndilo linalokwenda kule. Linatoka kusini mashariki linapita kwetu, likishavuka ikweta linapinda, linaifuata pwani ya Somalia kwa nguvu, linaingia bahari ya Uarabuni sasa likiwa linatokea kusini magharibi, limejaa unyevu wa bahari, likifika Dhofar linakutana na milima nyuma ya Salalah linakwama, linageuka ukungu na manyunyu. Wenyewe wanaita khareef, wanaihesabu kuanzia 21 Juni mpaka 21 Septemba, na nyuzi zinabaki 25 hivi wakti Ibra inaungua. Upande wa pili wa milima hiyo hiyo hapadondoki kitu, ni jangwa. Mie nimezaliwa na upepo huu nikijua unaturudishia majahazi Arabuni, sikujua kama unabeba na mvua yao.

Basi tumekubaliana, siku tatu za mwisho mie, mume wangu na watoto tutaruka Salalah. Bimkubwa atabaki Ibra na dada yake. Nilipomwambia nilidhani atahuzunika kuachwa. Akaniuliza, "Siku tatu nzima?" Nikamwambia tatu. Akasema, "Fanyeni nne."

Kwa hiyo tumefanya nne.

Wiki hii tumeanza mazoezi. Adhuhuri ikisaliwa nyumba inafungwa, watoto wanalazwa watake wasitake, saa kumi usiku tunaamka. Yule wa miaka minne kashika haraka kuliko wote, wa miaka tisa bado anabishana. Maji kila mtu ana chupa yake ya lita moja imeandikwa jina na inatazamwa jioni imebaki kiasi gani. Daktari kaniambia mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea hari, na huku kwenye kipupwe hatuwezi kuuzoesha, kwa hiyo siku tano za mwanzo tukifika tunakaa Ibra tu, mchangani ni siku ya nane. Safari ile ya 2018 tulikwenda siku ya tatu.

Kilichonitesa kuliko vyote ni viatu. Bimkubwa hajavaa kiatu cha kufunika mguu maisha yake, ni makubadhi au ndara, na mie nilimwambia mama, pale mchangani pasi na kiatu cha kufunika hushuki garini, hata jioni, mchanga unachelewa kupoa. Alikataa wiki mbili. Alisema miguu itaoza humo. Juzi binti yangu mkubwa akashuka Darajani mwenyewe, kwa pesa zake za Idi, akamnunulia raba nyepesi za kitambaa na jozi tatu za soksi za pamba. Hakumwambia kitu. Alikaa chini mbele ya kiti cha bibi yake akamvisha, mguu mmoja, halafu wa pili, akamfunga kamba, halafu akamuonesha nyayo zake mwenyewe, pale chini ya kidole gumba ambapo ngozi bado ina rangi nyengine.

Bimkubwa akasimama. Akatembea mpaka jikoni, akarudi. Jana kavaa tangu alasiri mpaka magharibi. Leo nimemkuta nazo ukumbini anamrikodia Mama Mkubwa sauti, na dakika zishapita tisa.